Mkasi, karatasi na Septemba ya 1991

Tarehe 23 Septemba 1991, askari wa miavuli wa kikosi cha 31 walitoka na silaha zao katika kambi ya CETA, karibu na uwanja wa ndege wa Ndjili, wakiwa na hasira ya mishahara isiyotosha hata mkate. Mwaka huo bei za vitu nchini Zaire, Kongo ya leo, zilipanda kwa zaidi ya asilimia 2,000. Askari walivunja maduka, maghala na nyumba za watu, raia wakafuata nyuma yao, na jiji la Kinshasa likaporwa. Ufaransa na Ubelgiji zikatuma majeshi kuwaondoa raia wa kigeni. Mwaka uliofuata, 1992, Mkongo mmoja alitoa katuni ya dakika saba kuhusu siku hizo. Jina lake ni Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, na katuni yenyewe inaitwa Kinshasa, septembre noir. Uporaji ule aliusimulia kwa michoro ya watoto.

Wengi wanaoitaja kazi hiyo huisifu kwa ujasiri wake. Ujasiri upo, tena mkubwa, kwa kuwa Rais Mobutu alikuwa bado madarakani. Mimi nataka kuisifu kwa jambo linalosemwa mara chache, nalo ni ufundi. Uamuzi wa kutumia karatasi na mkono wa mtoto ndio ulioifanya katuni hii iseme ukweli ambao kamera ya habari isingeweza kuusema. Ili kuuona uamuzi huo vizuri, lazima kwanza tujue kazi ya namna hii hufanywaje, hatua kwa hatua, juu ya meza.

Kibushi alizaliwa mwaka 1957 huko Lubefu, Sankuru, katika nchi ya Watetela, akasomea sanaa za maonyesho katika Chuo cha Taifa cha Sanaa, INA, jijini Kinshasa. Mwaka 1988 alianzisha studio yake, Malembe Maa. Ufundi wa katuni aliuchota kwa kushirikiana na Atelier Graphoui ya Ubelgiji, karakana yenye desturi ya kuketi na watoto mezani na kutengeneza nao filamu fupi. Shikeni hilo, maana linaeleza mengi yanayokuja. Kazi yake ya kwanza kujulikana, Le Crapaud chez ses beaux-parents, ilitoka mwaka 1991, na inatokana na hadithi ya Kitetela ya chura anayekwenda kwa wakwe zake. Watu wa sinema wanamhesabu Kibushi kuwa baba wa katuni ya Kongo.

Kabla yake kulikuwa na katuni zilizotengenezwa Kongo, lakini kalamu ilikuwa mikononi mwa mapadri. Katika miaka ya 1950, padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alitengeneza jijini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mfululizo wa Mboloko, yule paa mdogo mwerevu wa hadithi za Kongo, ambaye kazi yake katika ngano ni ile ile ya Sungura kwa Waswahili. Huku Kivu, mapadri Weupe walikuwa na kituo chao cha filamu Bukavu, kikiitwa Africa Films. Serikali ya Wabelgiji iliwazuia Wakongo kutazama filamu zozote zile, isipokuwa zilizopitishwa na kamati yake. Kwa hiyo babu zetu waliiona sinema kwa mara ya kwanza ikiwa imechaguliwa, imekatwa na mara nyingi imetengenezwa makusudi ili iwafunze adabu. Ngano zilikuwa za Wakongo. Aliyeamua mnyama atembeeje, acheke lini na hadithi iishie wapi alikuwa mtu mwingine. Tangu Mboloko hadi chura wa Kibushi imepita miaka kama arobaini.

Sasa tuje mezani. Katuni ya karatasi iliyokatwa hufanywa hivi. Mchoraji anachora mhusika, kisha anamkata vipande: kichwa peke yake, kiwiliwili peke yake, mkono wa juu, mkono wa chini, paja, muundi, wayo. Vipande vinaunganishwa kwa uzi, kwa waya mwembamba, au kwa kitu cha kunata upande wa nyuma, ili kila kiungo kizunguke bila kuanguka. Mhusika analazwa chali juu ya mandhari iliyochorwa. Juu yake kamera imefungwa ikitazama chini, na haipaswi kutikisika hata kidogo. Taa mbili zinawekwa ubavuni, moja kila upande, zikimulika kwa mshazari ili mwanga usiakisi kwenye kamera. Mara nyingi kioo kizito kinashushwa juu ya karatasi ili kingo zake zisijikunje na kutupa kivuli. Picha moja inapigwa. Kioo kinainuliwa, mkono wa mhusika unasogezwa kidogo, kioo kinarudishwa, picha ya pili inapigwa.

Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Mafundi wengi hupiga kila mkao mara mbili, hivyo sekunde moja inahitaji mikao 12. Dakika saba ni sekunde 420, yaani mikao 5,040. Kwa njia ya studio kubwa za Marekani, ambako kila mkao ulichorwa upya, ukanakiliwa kwenye plastiki angavu na kupakwa rangi, hiyo ni kazi ya ukumbi mzima wa wachoraji. Kwa mkasi, mhusika mmoja aliyekatwa vizuri anaweza kutumika tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wawili wanatosha. Mmoja pia anatosha, akiwa na subira.

Lakini njia hii ina ukali wake, na anayedhani ni njia ya mkato hajawahi kukaa mezani. Anayechora kila mkao kwenye karatasi yake anaweza kurudi nyuma, kufuta na kuongeza mkao katikati ya mikao miwili. Mwenye kusogeza karatasi hana njia ya kurudi. Akishausogeza mkono, mkao wa kabla yake umepotea. Akipiga chafya na kichwa kikahama, itabidi akirudishe kwa kukisia. Siku zile za filamu ya kemikali alipiga gizani kabisa: hakuweza kuona alichokipiga hadi mkanda urudi kutoka maabara, na kosa la picha ya kumi lilionekana baada ya picha elfu kupigwa. Kwa hiyo fundi wa karatasi anahitaji kujua mwendo wote kichwani kabla hajagusa chochote, kama msimulizi anavyoujua mwisho wa ngano kabla hajaita hadhira.

Ugumu wa pili ni kugeuka. Mhusika wa karatasi anaonekana ubavu, au uso kwa uso. Ukitaka ageuke mbele ya mtazamaji, lazima umkatie kichwa kingine, pengine na mwili mwingine, na ubadilishe haraka wakati wa tendo fulani ili jicho lisigundue. Ndiyo maana katuni za karatasi hupenda misafara: watu wanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Mjerumani Lotte Reiniger alilifanya hilo kuwa uzuri wenyewe katika Die Abenteuer des Prinzen Achmed ya mwaka 1926, filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Vivuli vyake vyeusi huonekana zaidi kwa ubavu, na havihitaji kugeuka.

Ukiwa na hayo mkononi, tazama jinsi Kibushi alivyochagua chura. Sijui mnyama mwingine anayeifaa karatasi kama chura. Binadamu akitembea, kila hatua inadai paja, muundi, wayo, mkono na kiwiliwili visogee pamoja kwa mpango, na mtazamaji anaujua mwendo wa binadamu vizuri mno kiasi kwamba kosa dogo linamchoma. Chura harakati zake ni tatu tu: anajikunja, anaruka, anatua. Kati ya kuruka na kutua hewa inafanya kazi yote. Macho yake ni makubwa, yako juu ya kichwa, kwa hiyo kupepesa kwake kunaonekana hata kwa mtu aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Mdomo wake ni mstari mmoja mrefu unaofunguka kama mfuko, tena kwa kipande kimoja cha karatasi unapata mazungumzo yote. Na safari ya kwenda kwa wakwe ni msafara, jambo lile lile ambalo karatasi inalifanya kwa urahisi.

Mnigeri Moustapha Alassane, mwanzilishi wa katuni katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, alikuwa ameliona hilo mapema. Alijifunza Kanada kwa Norman McLaren, na katika Bon voyage, Sim ya mwaka 1966 alimfanya chura kuwa rais: anasafiri kwa ziara ya kitaifa, anashangiliwa ugenini, na anaporudi nyumbani anakuta ameshapinduliwa, anatupwa majini. Aliipiga kwa rangi nyeupe na nyeusi, ni fupi sana, na miaka ya 1960 barani kwetu inatosha kuieleza.

Na mwaka ule ule wa 1992, wanafunzi wawili wa Colorado, Marekani, Trey Parker na Matt Stone, walikuwa wakikata karatasi za rangi na kuzipiga picha mojamoja. Kutokana na zoezi lile ukazaliwa mfululizo wa televisheni ulioenea duniani kote, South Park. Nalitaja hilo ili kijana wa Masisi, huku kwetu Kivu, asidhani kwamba karatasi ni njia ya maskini peke yake. Karatasi huchaguliwa pia na watu waliozungukwa na mashine.

Kwa Septembre noir, Kibushi aliiacha ngano, na hapo ndipo ufundi ulipokutana na jambo zito. Fikiria kazi iliyokuwa mbele yake. Tukio limeshapita. Wakati wa uporaji, mwenye kamera mtaani angeporwa kamera yenyewe kwanza. Picha zilizokuwepo zilikuwa zaidi za vituo vya habari vya nje, nazo zilipenda kuonyesha Wazungu wakipanda ndege. Yaliyotokea ndani ya nyumba za watu wa kawaida, nyuma ya milango na chini ya vitanda, hayakupigwa picha na mtu yeyote. Yalibaki kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu za watoto zilikuwa bado hazijapigwa pasi na maneno ya watu wazima.

Mtoto hachori kama mpiga picha. Anachora kwa kipimo cha umuhimu. Bunduki inakuwa ndefu kuliko mkono unaoishika. Askari anakuwa mrefu kuliko nyumba. Ukuta unakuwa angavu, waliomo ndani wanaonekana hata kama mlango umefungwa. Gari linachorwa ubavu, magurudumu yote manne yakionekana kwa pamoja. Wote wanasimama juu ya mstari mmoja wa ardhi, walio mbali na walio karibu. Mwalimu wa kuchora angeona makosa. Mimi naona taarifa sahihi kabisa: kwa mtoto aliyejificha, askari yule alikuwa mrefu kuliko nyumba kweli, na ukuta haukuzuia chochote.

Fundi anayepokea mchoro kama huo ana njia mbili. Anaweza kuunakili kwa mkono wake mwenyewe, akasawazisha mistari, akanyoosha miguu, kisha akauendesha kwa ulaini wa studio. Au anauchukua kama ulivyo, na kuuacha uende kwa mwendo unaoruhusiwa na umbo lake: askari asiye na magoti anateleza, gari lililochorwa bapa linasogea bapa. Njia ya kwanza inazaa katuni nzuri kuhusu watoto. Njia ya pili inawaacha watoto washuhudie wenyewe. Nguvu yote ya kazi hii imo katika njia ya pili. Kutetereka kwa mstari kunapaswa kubaki, kwa sababu kutetereka kule ni sehemu ya ushahidi.

Hapa ndipo ile desturi ya Graphoui ya kuketi na watoto inapoonekana. Ili mchoro wa mtoto uweze kupigwa picha, lazima tangu mwanzo umpe karatasi ya ukubwa unaolingana na meza ya kamera, rangi ambazo hazitafifia chini ya taa, na nafasi ya kutosha kati ya umbo na umbo ili mkasi upite. Hayo yote unayapanga bila kumwambia achore nini. Ukimwelekeza achore nini, umeshauharibu ushahidi. Usipompangia karatasi na rangi, huna filamu. Kukaa kati ya hayo mawili ni kazi ya ualimu kama ilivyo ya sinema, na nadhani aliyesomea jukwaa, kama Kibushi, alikuwa tayari na nusu ya ufundi huo.

Kutumia katuni kusimulia jambo lililotokea kweli lakini halikupigwa picha kuna historia. Meli ya Lusitania ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915, watu 1,198 wakafa, na hakuna kamera iliyoona. Mmarekani Winsor McCay aliichora akaitoa mwaka 1918, The Sinking of the Lusitania, dakika kama kumi na mbili zilizomchukua karibu miaka miwili. McCay alichora kwa makini ya mtu anayetaka mtazamaji asahau kuwa anatazama mchoro: moshi, mawimbi, meli ikiinamia upande. Alikuwa anajaza pengo la kamera kwa kuiga kamera. Kibushi alikwenda njia ya kinyume, hakuwahi kumsahaulisha mtazamaji kuwa hii ni karatasi na rangi za mtoto. Ulimwengu ulikuja kushangilia katuni za ushuhuda baadaye sana, Persepolis mwaka 2007 na filamu ya Ari Folman kuhusu vita vya Lebanoni mwaka 2008. Jambo lile lile lilikuwa limeshafanywa Kinshasa miaka kumi na mitano kabla.

Katuni hii ina upungufu wake, na ni haki niuseme. Dakika saba hazitoshi kufika kwenye sababu. Mtoto anajua nani aliyevunja mlango, hajui nani aliyekula mshahara wa yule aliyevunja mlango. Uporaji wa pili ulipokuja Januari 1993, askari walipolipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa, hata aliyeitazama Septembre noir mara nyingi asingepata ndani yake maelezo ya kwa nini mambo yamejirudia. Pia karatasi inayoteleza ina hatari ya kuchekesha. Mwendo wake wa kukatikakatika unafanana na mchezo, na kifo kikichezwa namna hiyo kinaweza kupoteza uzito. Dawa yake ni kusimamisha mwendo: kuacha mchoro utulie mbele ya macho sekunde tatu nne bila kusogeza kitu. Mafundi wachanga huogopa utulivu huo kwa kudhani katuni isiyosogea imekufa. Katika kazi ya ushuhuda, utulivu ndiyo nafasi ambamo mtazamaji anasoma.

Kibushi mwenyewe aliendelea. Katika Muana Mboka ya mwaka 1999 alihamia vikaragosi vyenye umbo kamili, akasimulia kisa cha mtoto wa mitaani wa Kinshasa aliyemwokoa waziri baada ya ajali. Kikaragosi kinageuka, kina kivuli chake, kina uzito. Alichokipata hapo ni jiji lenye kina. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua kazi moja ya kumwonyesha kijana anayetaka kuanza, ningechagua ya 1992, kwa kuwa ndani yake hakuna kitu ambacho kijana huyo hana.

Nasema hivyo nikiwa na sababu ya hapa hapa. Miezi michache baada ya Septembre noir kutoka, mwezi Machi 1993, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi, na tangu wakati huo milima yetu haijapata muda mrefu wa utulivu. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao, na watoto hao nao wamelala kambini. Waliofika na kamera kubwa walipiga mahema, foleni za maji na mashimo ya koltani ya Rubaya. Picha hizo ni za kweli. Kinachokosekana ni yale ya ndani ya nyumba, usiku ule wa kukimbia, kwa kipimo cha aliyekuwa na miaka minane. Kalamu na karatasi hugawiwa katika kambi nyingi ili watoto wachore na kutulia kidogo. Michoro inabandikwa ukutani, halafu inaliwa na mvua.

Anayetaka kuigeuza michoro ya namna hiyo kuwa katuni, pale Kibabi au Ngungu, hahitaji maabara ya Ulaya. Simu yenye programu ya kupiga picha mojamoja inatosha, na inampa jambo ambalo fundi wa enzi ya mkanda hakuwa nalo: anaiona kazi yake papo hapo. Lakini kwanza azungumze na wazazi na mtoto mwenyewe, na asiandike jina la mtoto kwenye filamu, wala la kijiji chake kama hali bado si salama. Halafu apige picha ya kila mchoro mzima kabla ya kuukata, au afanye nakala na kukata nakala, mtoto abaki na wake.

Kwa upande wa meza, makosa mawili yataharibu kazi kuliko mengine yote. La kwanza ni mwanga wa dirishani. Milima yetu inafunikwa na ukungu na kufunuliwa mara kadhaa kwa asubuhi moja, na kila wingu linalopita litaonekana kwenye filamu kama kumetameta kusikokoma. Funga dirisha kwa blanketi, tumia taa mbili zenye nguvu sawa, zenye betri ile ile, na usizisogeze hadi umalize tukio. La pili ni simu yenyewe, ambayo kila picha inajipangia upya mwanga, rangi na umbali bila kukuuliza. Zima hayo yote, uyafunge kwa mkono kabla ya picha ya kwanza. Ifunge simu kwenye ubao uliotobolewa, ubao uwekwe juu ya matofali manne, na uipige kwa kitufe cha waya wa masikioni, ili kidole kisiiguse.